Ubavu Uliohamia Puani

Bonyeza ncha ya pua yako kwa kidole, kisha uiachie. Inarudi pale pale ilipokuwa. Kinachoirudisha ni gegedu, kitu cheupe chenye ugumu wa kiasi, kinachokubali kupinda na kukataa kubaki kimepinda. Mfupa wa pua ni mfupi kuliko wengi tunavyodhani: unaishia chini kidogo ya pale miwani inapokaa. Kuanzia hapo kwenda chini, umbo lote limeshikiliwa na vipande vya gegedu, vingine vyembamba kiasi cha milimita moja au pungufu. Nje kuna ngozi, ndani kuna utando laini wenye unyevu, na katikati gegedu linazuia tabaka hizo mbili zisilaliane na kuziba njia ya hewa.

Anayepoteza nusu ya chini ya pua hupoteza tabaka zote tatu kwa mpigo. Katika hospitali za Afrika Mashariki wagonjwa hawa hufika kwa njia nyingi: ajali ya pikipiki, mbwa, fisi, moto, saratani ya ngozi inayowaandama watu wenye ualbino wanaofanya kazi juani, na meno ya binadamu mwenzao kwenye ugomvi. Kwingineko, hasa ukanda wa Sahel, wapo watoto walionusurika noma, ugonjwa unaoanzia kwenye fizi za mtoto mwenye utapiamlo na kula nyama ya uso kwa siku chache tu; Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023. Chanzo chochote kiwe, kazi ya mpasuaji ni ile ile: atengeneze upya bitana ya ndani, kiunzi cha katikati na ngozi ya nje, na vyote vitatu viishi.

Kijana ambaye matibabu yake niliyafuatilia aling'atwa. Ncha ya pua ilikwenda yote, pamoja na bawa la kushoto na ile nguzo ndogo inayotenganisha matundu mawili. Bawa la kulia lilibaki. Alikuja na mama yake, kitambaa kikiwa kimefungwa usoni kama mtu anayejikinga na vumbi, miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga. Muda huo haukupotea bure. Kovu changa ni gumu, jekundu na lina vita ndani yake. Daktari huliacha hadi lilainike na kutulia.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, geukia dirishani."

Uchunguzi ulifanyika kwa vidole zaidi ya maneno. Daktari alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga, akapima urefu wa paji la uso kwa kulaza vidole vinne kuanzia kwenye nyusi hadi nywele zinapoanzia. Akakunja sikio na kuliachia. Akapapasa mbavu upande wa kulia. Kisha akamwomba avue shati, akaangalia kovu la chanjo begani. Kovu hilo lina habari: kama limevimba na kutambaa nje ya mipaka yake, mwili huo una tabia ya kuotesha makovu makubwa, na kifua ni mahali ambapo makovu ya namna hiyo hupenda kuota. Lilikuwa bapa. Mwisho aliuliza kuhusu sigara, akasema ziachwe siku hiyo hiyo, kwa sababu zinabana mishipa midogo ya damu, na pua yote ingetegemea mishipa hiyo.

Mama mtu ndiye aliyeuliza swali la maana. "Daktari, mbona upasuaji mara tatu? Si mmalize siku moja tu? Nauli yenyewe ngumu."

"Mama, nikimaliza siku moja utaondoka na pua nzuri, na ukifika mwezi wa tatu imejikunja. Heri unilaumu sasa." Kisha akamgeukia sista wa wodi wakapanga mgonjwa abaki hospitali katikati ya upasuaji wa kwanza na wa pili, nauli isitumike.

Katika hospitali zenye fedha nyingi, dukani kuna vipandikizi vya silikoni na plastiki vilivyokwisha kuchongwa. Hapa havipo, na hata vingekuwepo, daktari asingevitumia kwenye uso huu. Chini ya ngozi yenye kovu, kitu kigeni husukumwa nje polepole hadi siku moja kinachungulia, au hupata vijidudu na kulazimika kutolewa. Gegedu la mgonjwa mwenyewe mwili haulikatai. Zaidi ya hapo, halina mishipa ya damu ndani yake. Chembe zake hula kwa kunyonya kidogo kidogo kutoka kwenye nyama zinazolizunguka. Ndiyo maana linaweza kukatwa ubavuni, likakaa bakulini, likashonwa usoni, na likaendelea kuishi. Lina sharti moja tu: lifunikwe kila upande na nyama yenye damu nzuri. Kwa hiyo kazi inaanza na ngozi.

Siku ya upasuaji wa kwanza, baada ya mgonjwa kupewa nusukaputi na mpira wa hewa kufungwa vizuri mdomoni, daktari hakugusa kisu kwa muda mrefu. Alichora. Wino ulikuwa GV, dawa ile ile ya zambarau inayopakwa vidonda vya mdomoni, na kalamu ilikuwa njiti ya meno. Alipitisha mistari pale mwanga na kivuli vinapokutana: ukingo wa bawa, mpaka wa ncha, mteremko wa ubavu wa pua. Mwaka 1985 wapasuaji wawili wa Marekani, Gary Burget na Frederick Menick, walieleza kwamba jicho la mtazamaji huisoma pua kwa sehemu zake, na kovu likilazwa kwenye mpaka wa sehemu hizo halionekani kwa urahisi. Ndiyo sababu daktari alichora hata vipande vidogo vya ngozi nzima ambavyo angeviondoa, ili mshono uangukie mpakani. Pengo lingekua kwanza ndipo lizibwe.

Kisha akaomba karatasi ya bati iliyofungia uzi wa kushonea, ile ambayo kwa kawaida hutupwa. Ilikuwa safi, laini na yenye kushika umbo. Akaikandamiza taratibu juu ya bawa la kulia lililobaki, akaikata kwa mkasi kufuata alama, akaigeuza kinyume. Sasa alikuwa na kiolezo cha bawa la kushoto. Akaongeza kipande cha ncha na cha nguzo, akaacha na sehemu ya ziada ambayo ingekunjwa ndani iwe bitana. Akainyoosha bati juu ya meza, akaipeleka kwenye paji la uso, akaizungushia GV ikiwa kichwa chini.

Ngozi ya paji la uso ndiyo inayofanana zaidi na ya pua kwa rangi na unene, na ina mshipa wake wa kuaminika. Mshipa huo hutokea karibu na pembe ya ndani ya jicho na kupanda wima kupitia kichwa cha nyusi, takriban sentimita mbili kutoka katikati ya uso. Kwingine hutafutwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Daktari huyu aliutafuta kwa kanuni hiyo, akachora shina la upana wa sentimita moja na nusu juu yake. Kisha akachukua utepe wa shashi, akashika ncha moja kwenye nyusi kwa kidole, akaivuta nyingine hadi ncha ya pua, halafu akauzungusha utepe kwenda juu aone kama ramani yake inafika. Ilifika, na akiba kidogo.

Ganzi yenye adrenalini ikachomwa pembeni mwa mistari. Adrenalini hubana mishipa ili damu isitoke sana, lakini haifanyi kazi papo hapo. Daktari alitazama saa ya ukutani, akaweka mikono juu ya kitambaa kisafi, akasubiri zaidi ya dakika kumi. Hakuna aliyemharakisha. Sista alitumia muda huo kuhesabu shashi kwa sauti.

Wembe namba 15 ni mdogo, umejikunja tumboni. Kwanza uliondoa kovu kuzunguka pengo, hadi kingo zikatoa damu nyekundu ya nyama nzima. Kisha ukapanda juu. Ngozi ya paji ilikatwa hadi chini ya msuli, ikainuliwa na kuacha utando mwembamba juu ya mfupa wa fuvu. Ilipobaki sentimita chache kufika kwenye nyusi, daktari alirudisha kisu mezani. Kuanzia hapo alitumia mkasi uliofungwa, akiuingiza kwenye nyama na kuufungua taratibu ili nyuzi zijiachie zenyewe. Mshipa uko hapo, na kisu hakiuoni.

Umeme ulikatika akiwa katikati ya kazi hiyo. Taa kubwa ilizimika, mashine ya kuziba mishipa ikanyamaza, na kifaa kilichobana kidole cha mgonjwa kiliendelea kulia kwa betri yake, sauti ile ile, mapigo yale yale. Daktari alikuwa na taa ndogo kichwani. Alilaza shashi yenye maji ya chumvi juu ya nyama, akaikandamiza kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Jenereta ilipowaka, hakuondoa mikono mara moja. Alisubiri dakika zake zitimie. Alipoinua shashi, damu ilikuwa imesimama bila mashine.

Ngozi hiyo ya paji iliyoinuliwa, yaani flapu, ikageuzwa nusu mzunguko, ikashuka hadi puani ikiwa bado imeshikamana na nyusi kwa shina lake. Ile sehemu ya ziada ikakunjwa ndani na kushonwa kwenye kingo za utando uliobaki kwa uzi unaoyeyuka, mafundo yakiangalia nje ya tundu ili yasimkere mgonjwa. Nje ikashonwa kwa nailoni nyembamba. Sehemu ya juu ya paji haikuweza kufungwa. Daktari hakuivuta kwa nguvu. Aliifunika kwa shashi yenye vaselini na kuiacha ijazie yenyewe kutoka chini kwa wiki kadhaa, kwani mahali hapo hupona vizuri kuliko mshono uliolazimishwa.

Usiku ule kazi ilikuwa ya wauguzi. Vitabu vingi vya upasuaji vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na husema flapu ikipoteza wekundu kuna hatari. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Sista wa zamu alitumia mgongo wa kidole kupima joto, kisha akabonyeza na kuhesabu sekunde hadi ngozi ijae tena. Alipokuwa na shaka, alidunga kwa ncha ya sindano na kutazama tone: likiwa jekundu angavu damu inaingia na kutoka, likiwa la zambarau na linakuja mbio, damu imenasa na mshono mmoja au miwili inabidi ifunguliwe. Aliandika kila saa kwenye karatasi iliyoning'inizwa miguuni mwa kitanda.

Njia hii ya paji la uso si ya jana. Katika maandishi ya kale ya Kihindi yanayohusishwa na Sushruta kuna maelezo ya kujenga pua kwa ngozi ya shavu. Oktoba 1794 jarida moja la London lilichapisha barua kuhusu Cowasjee, mwendesha mkokoteni wa maksai katika jeshi la Waingereza, aliyekatwa pua na askari wa mtawala Tipu Sultan huko India. Karibu na Poona alitengenezewa nyingine na mtu wa tabaka la wafyatua matofali. Fundi huyo alikandika nta nyembamba kwenye kisiki cha pua, akaibandua na kuilaza bapa kwenye paji, akachora kuizunguka. Kiolezo chake cha nta na karatasi ya bati ya daktari wetu ni kazi moja. Daktari Joseph Carpue wa London aliijaribu mwaka 1814 na kuchapisha matokeo mwaka 1816. Lakini pua za wakati ule zilikuwa ngozi peke yake. Ngozi isiyo na kiunzi hujikusanya inapopona, matundu hujifinya, ncha huzama. Hilo ndilo daktari alilomweleza mama kwa maneno yake mwenyewe.

Wiki tatu zikapita. Flapu ilikuwa imeota mishipa kutoka kwenye kitanda chake kipya, nene, imevimba, bado imening'inia kwenye shina. Huu ndio wakati wa gegedu.

Timu ilianza kifuani. Daktari alipapasa mbavu, akahesabu hadi wa sita na wa saba, akakata ngozi sentimita tano hivi. Msuli haukukatwa, ulitenganishwa kufuata nyuzi zake, kwa sababu msuli uliokatwa humuuma mgonjwa kila anapopumua. Ubavu ulipoonekana, aliudunga kwa sindano nyembamba. Ikaingia. Akasogea nje kidogo, akadunga tena, ikagota. Kati ya nukta hizo mbili ndipo gegedu linapoishia na mfupa unapoanza. Kwa kijana gegedu la ubavu ni laini. Kadiri mtu anavyozeeka linajaa chokaa, na kwa mzee sindano hugota kila mahali.

Alichana utando unaofunika gegedu, akaukwangua pembeni kwa chombo butu chenye mkunjo, milimita kwa milimita, akazunguka upande wa nyuma. Upande huo ndio wa hatari, kwa maana chini yake kuna utando wa pafu. Aliacha tabaka la nyuma mahali pake kama ulinzi. Kipande cha sentimita nne kikatoka, cheupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Kabla ya kufunga, daktari alijaza jeraha maji ya chumvi na kumtazama mtaalamu wa usingizi, ambaye alikamua mfuko wa hewa na kuushikilia ili mapafu yajae. Watu wote mezani waliangalia maji. Povu hata moja lingemaanisha pafu limetobolewa. Maji yalitulia.

Kuchonga kulifanyika kwenye meza ndogo ya pembeni, juu ya ubao safi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daktari huyu anaheshimiwa na wenzake. Wembe namba 10 ulipopita kwenye gegedu, ulitoa mkwaruzo mdogo na kuacha uso unaong'aa, kama nyama ya nazi iliyokomaa inapokatwa kwa kisu kikali. Mtu mwenye pupa angeanza kuchonga ncha ya pua papo hapo. Yeye alianza kwa kumenya: upande huu mara moja, upande wa pili mara moja, juu, chini, akirudi na kuzunguka, kila upande ukipoteza kiasi kile kile.

Sababu yake iliandikwa mwaka 1958 na Gibson na Davis. Gegedu la ubavu limebana kwa nje na limesukumana kwa ndani. Nguvu hizo mbili zikiwa sawa, linanyooka. Ukimenya upande mmoja tu, upande uliobaki mzima unashinda na kulivuta kwake. Mpasuaji asiyejali hilo hushona pua iliyonyooka na baada ya miezi kupokea iliyopinda. Wao walionyesha kwamba kipande kinachochukuliwa katikati kwa usawa hukaa vizuri zaidi. Kanuni hiyo haihitaji mashine wala fedha. Inahitaji mkono unaokumbuka ulichokwisha kuondoa upande wa pili.

Kutoka kwenye kiini alikata mabamba manne membamba, milimita mbili kila moja, akayatumbukiza kwenye bakuli la maji ya chumvi kwa mpangilio. Akasema, "Tusubiri nusu saa." Gegedu likishachongwa huanza kupinda mapema, lenye nia mbaya hujionyesha bakulini kabla halijafika usoni. Muda huo alirudi kifuani. Mabaki ya gegedu aliyaweka chini ya ngozi ya jeraha lenyewe, akayashonea hapo. Hospitali haina benki ya tishu yenye majokofu, lakini mgonjwa akihitaji kipande kingine mwaka ujao, kipo kifuani mwake, kiko hai, na hakidai umeme. Kisha akafunga tabaka kwa tabaka na kuacha ganzi ndani ili kijana aamke akiweza kuvuta pumzi kwa kina.

Ubingwa huu umefika huku mkono kwa mkono. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Harold Gillies kutoka New Zealand alitumia gegedu la ubavu kujenga pua za askari waliopigwa usoni. Hospitali yake ya Sidcup, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1917. Aliyefuata nyayo zake ni binamu yake Archibald McIndoe, aliyetibu marubani walioungua katika vita vya pili. Kwa McIndoe alijifunza Michael Wood, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Mwaka 1957 Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kama Amref. Walikuwa wakiruka kwenda hospitali za mbali wakiwa na vyombo vichache. Leo wapasuaji wa kanda hii wanafunzwa na kutahiniwa hapa hapa kupitia Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999.

Nusu saa ilipotimia, daktari aliinua mabamba moja moja kwa kibano na kuyatazama kwa ubavu dhidi ya taa. Mawili yalikuwa yamenyooka. Mawili yalikuwa yamepinda kidogo sana, kiasi ambacho mimi nisingeona kama hakunionyesha. Hakuyatupa. Aliyaweka mgongo kwa mgongo, mpinde wa moja ukielekea kinyume na mpinde wa jingine, akayashona pamoja kwa nailoni. Yakashindana na kunyooka. Hayo yakawa nguzo, ambayo kazi yake ni kubeba ncha na haitakiwi kuyumba.

Bawa la pua lina shida nyingine: linatakiwa liwe na mbinuko. Kwa hilo aligeukia sikio. Alikata nyuma yake, mahali kovu lisipoonekana, akatoa gegedu la bakuli la sikio lenye mkunjo wa asili. Ukingo wa sikio uliachwa mzima, kwa hiyo sikio halikubadilika sura. Pamba yenye vaselini ikashonewa mbele na nyuma ili damu isijikusanye. Kipande kilipolazwa kwenye kiolezo cha bati cha wiki tatu zilizopita, kilihitaji kupunguzwa milimita mbili tu.

Ndipo akaichana flapu kwenye ukingo wa tundu, pale ilipokunjwa, na kuinua ngozi ya nje kutoka juu ya bitana, bila kugusa shina. Bitana ilikuwa imeshika na kupata damu yake. Sasa ilibaki mahali pake. Mafuta na msuli uliozidi ukapunguzwa kwa mkasi, kidogo, ukaangaliwa, kidogo tena. Nguzo ikasimamishwa juu ya mfupa wa taya ya juu na kushonwa. Bamba lililonyooka likalazwa kwenye ubavu wa pua. Gegedu la sikio likafuata ukingo wa bawa, chini kabisa, hata pale ambapo pua ya asili haina gegedu. Bawa la asili linajisimamia kwa nyama yake, la kutengenezwa halijui kufanya hivyo. Kipande kidogo cha mwisho kikawekwa kileleni, kingo zake zikiwa zimekwanguliwa hadi zikawa butu, maana kona kali huonekana chini ya ngozi miaka inapopita.

Kila kilipowekwa kipande, alirudi nyuma hatua moja, akaenda kusimama miguuni mwa mgonjwa, akatazama kutoka huko. Halafu kutoka kichwani. Mara mbili alikata uzi uliokwisha kufungwa na kushona upya, tofauti ikiwa upana wa uzi wenyewe. Ngozi ikarudishwa juu ya kiunzi na kubanwa kwa mishono michache inayopita hadi ndani, tabaka zote zigusane na damu isipate pa kukaa. Ndani ya tundu akaweka kipande cha mpira laini wa hewa uliokatwa kwa kipimo. Mgonjwa angeuvaa kwa miezi, hasa usiku, hadi kovu lipoteze nguvu yake ya kufinya.

Baada ya wiki tatu nyingine, shina likakatwa. Upasuaji huo ni mfupi kuliko wa kwanza na wa pili. Kipande cha shina kinachorudi juu ndicho kinachorudisha nyusi mahali pake. Ukizidisha zinakaribiana, ukipunguza zinaachana. Daktari alipima kutoka katikati kwa rula ya chuma pande zote mbili kabla ya kushona. Mama mtu alipoingia wodini jioni alimtazama mwanawe kwa muda, akasema, "Imevimba." Daktari alikubali. Ingechukua miezi uvimbe kushuka, na yeye huwa hatoi hukumu juu ya pua yoyote kabla ya mwaka kupita. Kwenye faili aliandika mambo matatu ya kuangalia kila ziara: hewa inapita matundu yote mawili, ukingo wa bawa haujapanda, kifua hakijaotesha kovu.

Daktari kijana aliyekuwa anamsaidia alitaka kujua lini ataruhusiwa kuchonga. Jibu alilopewa lilikuwa kwenda buchani. Wanafunzi wa mpasuaji huyu huanza na viazi, wakikata mabamba ya milimita mbili hadi unene uwe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakishaweza, huenda kwa muuza nyama na kuomba mwisho wa mbavu za ng'ombe, ile sehemu nyeupe ambayo wateja wengine huikataa. Wanachonga jioni, baada ya zamu, kwa nyembe zilizopita muda wake. Wanatumbukiza mabamba kwenye maji, wanaandika saa, wanasubiri, wanayainua kwenye taa. Lililopinda linawekwa pembeni pamoja na maelezo ya upande uliomenywa zaidi. Anayeleta mabamba kumi mfululizo yaliyonyooka baada ya nusu saa ndiye anayekabidhiwa wembe mezani, na hata hapo anaanza na kipande kitakachofichwa ndani kabisa. Yule kijana aliuliza bucha gani inafungwa mwisho.